Mzingo na Mzinga

Kabla ya jambo lolote kutokea, masharti yalikuwa haya. Ulikuwa mwezi wa Agosti, kiangazi kimekomaa, nami nilikuwa na majuma sita ya likizo kutoka chuoni. Nilikuwa nimekubali kuandika, kwa Kiswahili, sura moja ya kitabu cha wanafunzi wa fizikia kuhusu jambo ambalo limenishughulisha kwa sehemu kubwa ya utu uzima wangu: thamodinamiki ya mashimo meusi katika nadharia za uvutano zenye vipimo pungufu. Nyumbani kwetu Mtinko palikuwa na ujenzi, mafundi wakigonga mabati kutwa. Kwa hiyo nilipanda basi la Itigi na kuendelea hadi Rungwa, kwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyeolewa huko kabla sijazaliwa.

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho upande wa magharibi. Baada ya ua palikuwa na shamba la mtama lililokwisha kuvunwa, na baada ya shamba palikuwa na miyombo, na miyombo ile haikukoma mpaka ikawa pori la akiba. Waliishi watu wawili: shangazi na mumewe, mzee mfuga nyuki ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtoto wao wa pekee, binamu yangu, aliondoka asubuhi moja ya kiangazi, miaka sita kabla ya likizo ninayoizungumzia, kwenda kukagua mizinga, na hakurudi. Wanakijiji walimtafuta, askari wa wanyamapori walimtafuta. Haikuonekana nguo, haukuonekana mfupa, halikuonekana panga alilokuwa nalo.

Shangazi ndiye aliyekuwa wa mwisho kumwona. Alikuwa akipeta uwele uani, akamwona kijana amesimama ukingoni mwa msitu, mgongo upande wa nyumba, ameinama kidogo kama mtu anayefunga mkanda. Akayashusha macho kwenye ungo. Alipoyainua, palikuwa na miti. Kwa hiyo hakuwahi kumwona akiingia. Hilo alilisisitiza mbele ya kila aliyemuuliza, kwa usahihi ambao mimi, mtu wa vipimo, niliuonea wivu. Sikumwambia kwamba katika taaluma yangu lipo jambo linalofanana na hilo: anayetazama kitu kikiangukia shimo jeusi haoni kamwe kikivuka upeo wake. Hukiona kikikawia ukingoni, kikififia, mpaka pasiwe na cha kuona.

Sharti la mwisho lilikuwa mzinga. Majuma machache kabla ya siku ile binamu alikuwa amechonga mzinga wa gogo la mninga, mzima, mzito, uliofungwa vizuri pande zote mbili. Wafuga nyuki wa huko hutundika mizinga juu sana kwa sababu ya nyegere. Yeye aliupachika huu kwenye panda ya mti wa kwanza baada ya shamba, usawa wa kifua, kwa sababu mama yake alikuwa akimtania kwamba kazi yake haijawahi kuonekana na mtu isipokuwa ndege. Ukingoni pale ndipo alipoonekana mara ya mwisho, hatua chache tu kutoka mti huo.

Mfuga nyuki huutambua mzinga ulio hai kwa kiganja. Nyuki hujiwekea joto lao wenyewe, na gogo lenye wenyeji huwa na uvuguvugu hata asubuhi ya baridi. Mwaka wa pili tangu kijana apotee, mzee alitaka shati lake lizikwe na matanga yafanyike. Shangazi alikataa. Ndugu walikaa kikao, na mapatano yakawa kwamba mzinga ule usiguswe na mtu mwingine ila mama, asali yake isirinwe, na siku utakapopoa matanga yatafanyika. Mzee mwenyewe ndiye aliyelitoa wazo hilo. Alihesabu kwamba mzinga ulio chini namna ile hautamaliza msimu, kwa nyegere na kwa moto wa nyika. Ulimaliza msimu, na mingine mitatu baada yake. Kila asubuhi, akishainjika chai, shangazi alivuka shamba, akaweka kiganja juu ya gogo, akarudi na kusema kwamba bado ni la moto.

Hayo ndiyo masharti.

Nilipofika nilimwamkia shangazi shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniita baba, maana nilirithi jina la baba yake na tangu nikiwa mchanga hajaniita vinginevyo. Kwa mantiki hiyohiyo mumewe aliniita mkwe, na aliutumia ukwe huo kunitania bila huruma. Alikataa kukalia kigoda nilichokikalia, eti ni mwiko. Aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ametoka chuo kikuu anakosomea mashimo. Kwamba mashimo yenyewe hayako duniani. Na kwamba hata hayo ya huko juu mkwe hakuyataka, amejichagulia ya kwenye karatasi. Hakuwa amekosea sana.

Ulimwengu niliokuwa nikiuandika hauna kimo. Una urefu, una upana, na una wakati, basi. Tunaupenda kwa kuwa hesabu zinazotushinda katika ulimwengu wetu hukubali kukamilika katika ule. Uvutano wake ni mgeni kwetu: hauna mawimbi, na kitu kimoja hakiwezi kukipelekea kingine habari ya uzito wake. Mtu angedhani kwamba mahali pa namna hiyo hapawezi kuwa na shimo jeusi. Lakini ukiupinda ulimwengu huo kwa namna moja maalumu, kiasi kwamba mwanga uliorushwa kwenda mbali kusiko na mwisho humrudia aliyeurusha baada ya muda unaopimika, kana kwamba umegonga ukuta, shimo hupatikana. Nalo lina joto.

Shimo jeusi la ulimwengu wetu huenda kinyume na matarajio: kadiri linavyopoteza uzito ndivyo linavyozidi kuwa moto, hadi liishe. La ulimwengu bapa lina kiasi zaidi. Halijoto yake hufuata mzingo wake, yaani urefu wa mstari unaolizunguka. Mzingo ukipungua kwa nusu, halijoto nayo hupungua kwa nusu. Ukiuacha ule ukuta mahali pake, shimo hutulia, likipokea tena kila linachokitoa. Ukiuondoa, ukaliacha joto liende zake, shimo hupoa polepole, kisha polepole zaidi, na siku ya kupoa kabisa haifiki.

Alasiri ya siku ya nne nilikuwa barazani na kompyuta yangu, shangazi akibangua karanga kwenye ungo kando yangu. Akaniuliza ninaandika nini siku zote hizi. Nilimjibu kwamba ni mambo ya joto. Akasema joto analijua, nimsomee. Nina desturi ya kusoma kwa sauti nilichokiandika ili nisikie kama sentensi imekaa sawa, kwa hiyo sikuona ubaya. Nilisoma ukurasa mzima. Nilipofika mahali pa kupoa aliacha kubangua, akaniomba nirudie. Nikarudia: ukipungua, joto hupungua nao, lakini joto halifiki sifuri kwa muda wowote wenye kikomo. Akauliza muda wenye kikomo ndiyo upi. Nikasema ni muda unaohesabika, iwe miaka, iwe karne. Akauliza sifuri. Nikasema ni baridi kabisa, kupoa pasibaki kitu.

“Asante, baba,” alisema, akauweka ungo chini, akavuka shamba kuelekea mtini.

Nilimtazama akienda, na nakiri kwamba niliona fahari. Kwa miaka mingi nimesikia ikisemwa kwamba mambo haya hayasemeki kwa lugha yetu, na hapa mwanamke aliyeishia darasa la pili alikuwa ameyasikia mara mbili na kuyaelewa.

Kesho yake mzee alinichukua kwenda kwenye mizinga ya mbali. Alitangulia na fimbo yake, akiijua njia kwa nyayo kuliko kwa macho. Tulipofika kwenye korongo kavu alisimama, akasema ana neno na mimi, na tuliseme hapohapo kabla ya kufika, kwa kuwa nyuki hawapendi ugomvi.

“Mkwe,” alisema, “umenivunjia matanga ya mwanangu.”

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba shangazi amemwambia neno la matanga lisitajwe tena katika nyumba ile, kwani limeandikwa kitabuni, na aliyeliandika ni msomi, tena ni baba yake. Kisha akanisomea sentensi yangu, kwa kumbukumbu, bila kupoteza neno, kama alivyosomewa na mkewe: mzinga ukipungua, joto hupungua nao; lakini joto halifiki sifuri kwa muda wowote wenye kikomo.

Nilimsahihisha upesi. Nikamwambia kwamba neno ni mzingo. Alicheka kidogo. Alisema mzingo anaujua, ni mzingo wa shamba, hisabati ya darasa la nne. Mke wake hakufika darasa hilo, aliachishwa akachunge mbuzi. “Lakini si kiziwi,” alisema. Halafu akaacha kucheka.

“Macho haya yatanifikisha mvua moja, labda mbili. Nataka nimwekee jiwe nikiwa naliona. Sasa hivi hayuko kwa walio hai, hayuko kwa waliokufa. Hata nikisimama kusali sijui nimtaje upande gani.”

Nilimwahidi kwamba nitaliweka sawa siku hiyohiyo. Niliona ni jambo jepesi: sikio la mtu limebadili irabu moja, na irabu hurudishwa.

Tuliporudi nilifungua kompyuta ili nimwonyeshe shangazi neno lenyewe kwa maandishi. Nikalitafuta. Palipopaswa kuwa na mzingo palikuwa na mzinga.

Nilipitia sura nzima. Kila mahali pengine neno lilikuwa sahihi. Katika sentensi ile moja peke yake mkono wangu ulikuwa umeandika mzinga, na mdomo wangu ulikuwa umesoma kilichoandikwa, mara mbili, bila mimi kujisikia. Herufi hizo mbili hazikaribiani kwenye kibodi. Moja ni ya mkono wa kushoto, nyingine ya mkono wa kulia. Wala sarufi haikuweza kunishtua, kwani maneno hayo ni ya ngeli moja na upatanisho wake ni uleule: ukipungua, nao. Sentensi ilikuwa nzima. Ilikuwa imekaa pale kwa siku mbili, ikisema jambo ambalo sikulikusudia, katika Kiswahili safi. Nilikaa nikiitazama ile herufi ya mwisho muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Niliisahihisha. Lakini niliona kwamba sasa kusahihisha hakutoshi. Nikimwambia shangazi kwamba nilikosea kuandika, nitakuwa nimesema tu kile ambacho sikukusudia kusema. Sitakuwa nimesema kama mzinga wa mwanawe una joto au hauna. Na hilo lilikuwa jambo la kupimika. Katika begi nilikuwa na kipimajoto chenye waya mrefu na ncha ya chuma, nilichokisahau humo tangu majaribio ya wanafunzi. Niliamua kupima alfajiri, kabla jua halijalifikia gogo. Sikumwomba shangazi ruhusa, ingawa mapatano ya ukoo yalinikataza kuugusa. Nalitaja hilo kwa sababu ni sehemu ya kumbukumbu.

Asubuhi ya kwanza hewa ilikuwa nyuzi kumi na nne. Niliingiza ncha kupitia tundu la nyuki, taratibu, nikisubiri mngurumo. Haukuja. Namba zilitulia: kumi na nne. Nikaiacha ncha ndani kwa robo saa. Kumi na nne.

Kisha nikaweka kiganja juu ya gogo, nalo lilikuwa na uvuguvugu.

Nikatega sikio. Ndani palikuwa na mvumo, wa chini, wa mfululizo, kama wa nyuki wengi waliotulia. Nilijua sababu ya mambo yote mawili. Mti haulichukui upesi joto la mwili, kwa hiyo kiganja huhisi joto lake chenyewe; na sikio likibanwa kwenye kitu chenye uwazi husikia damu ya mwenye sikio. Nilijua, na kujua hakukuuzima mvumo. Jua lilipoufikia mti nilisubiri nione nyuki wa kwanza akitoka. Hakutoka. Msafara wa sisimizi ulikuwa ukipanda shina. Ulipofika chini ya gogo uligawanyika, ukapita pande mbili, ukaungana tena juu yake. Kwenye tundu hakuingia hata mmoja.

Asubuhi ya pili ikawa vilevile, kwa tofauti isiyozidi kosa la chombo. Asubuhi ya tatu nayo vilevile. Siku hiyo waya ulijisokota, nikawa nimeinama kuufungua, mgongo upande wa nyumba, na ghafla nikajiona jinsi ninavyoonekana kutoka uani: mtu amesimama ukingoni mwa msitu, ameinama kidogo, kama anayefunga mkanda. Nikageuka.

Shangazi alikuwa amesimama uani, ungo mikononi. Alikuwa akinitazama. Hakuniita, hakuinua mkono. Nikakusanya vyombo vyangu na kuanza kurudi kupitia shambani, nikikanyaga mabua, na katika urefu wote wa shamba lile hakupepesa wala hakuyashusha macho yake kwenye ungo. Aliyashusha nilipoingia uani, nilipokuwa karibu kiasi cha kuguswa. Nikamwamkia. Akaitika. Akaendelea kupeta.

Asubuhi ya nne nilipofika mtini alikuwa amenitangulia. Alikuwa ameuzungushia mzinga kitenge chake na kuukumbatia, kifua na shavu vikiwa vimelala juu ya gogo, kama mama aliyempokea mtoto mwenye homa. Sikujua kama nirudi. Alizungumza bila kugeuka.

“Ingiza kidude chako, baba. Pima nikiwepo.”

Nikapima. Ndani palikuwa na nyuzi kumi na sita na nusu. Nje, kumi na nne. Nikaisogeza ncha kwenye mti wenyewe, chini ya kitenge, namba zikapanda hadi ishirini na tisa. Alizitazama, maana namba alizijua. Nikamwomba aondoe mikono na nguo, kisha tusubiri. Namba zilishuka mbele ya macho yetu, upesi mwanzoni, halafu kwa kusitasita, hadi zikafika kumi na nne na kukaa hapo.

“Ulisoma mzinga,” alisema. “Nilikusikia. Nikakurudisha, ukasoma tena mzinga.”

“Niliandika vibaya, shangazi. Neno lilikuwa mzingo.”

“Mzingo ndiyo nini?”

Nilimwambia ni urefu wa kukizunguka kitu mpaka urudi ulipoanzia. Alifikiri. Akachukua upindo wa kitenge, akaupitisha kuzunguka gogo, akashika kwa vidole viwili pale ulipokutana, akauvuta na kunionyesha kipande kilichoning’inia.

“Ndiyo huu?”

“Ndiyo huo.”

“Huu haujapungua. Tangu alipoutundika ni huuhuu.” Hakuuachia upindo. “Na joto ninaloshika kila siku?”

Nimefundisha kwa miaka mingi, na nimewahi kuulizwa maswali magumu zaidi na watu waliotaka kunishinda. Hili niliulizwa na mtu aliyekuwa tayari kuniamini lolote. Ningeweza kusema kwamba chombo changu ni kibovu. Ningeweza kusema kwamba nyuki wamehama jana. Nilijua pia kwamba nyuma yetu, ndani ya nyumba, mzee alikuwa ameamka na macho yake yaliyobaki.

“Ni lako, shangazi,” nilisema. “Mti huu haulichukui joto la mkono, hulirudisha. Ulikuwa ukijishika mwenyewe.”

Aliweka kiganja juu ya gogo mara moja tena, akakiacha hapo kwa muda, akakiondoa na kukitazama.

“Mwite mzee,” alisema. “Aje aufungue.”

Mzee alikuja na shoka dogo na panga, bila moshi. Kabla ya yote aliinama akanusa tundu, kisha akanusa tena, akakunja uso. Aling’oa kifuniko cha nyuma, tukatazama. Hamkuwa na nyuki, na hilo nilikuwa nimelitegemea. Lakini hamkuwa na sega pia. Hamkuwa na nta, hamkuwa na nondo wala utando wake, hamkuwa na nyuki mfu. Alama za chuma kilichochonga gogo zilikuwa bado nyeupe, na kutoka ndani ilitoka harufu ya mti uliopasuliwa jana.

“Huu haujaingiwa,” mzee alisema. “Hata siku moja.”

Nilimuuliza kama hakuwahi kuona nyuki wakitoka. Alisema aliwaona, mwaka wa kwanza, alipokuwa na macho mazima. Aliwaona wakitoka kwa wingi na wakirudi na chavua miguuni. Shangazi alisema mmoja alimuuma, akanyoosha kidole kutuonyesha mahali. Hakuna aliyebishana. Mfuga nyuki wa umri ule hawezi kukosea kuhusu nta. Nyuki wakikaa hata msimu mmoja, gogo hunuka nta mpaka lioze. Kutoka nje unaweza kulijua joto la kitu na mzingo wake. Vitu hivyo viwili havisemi ndani mna nini, na hilo nimeliandika mimi mwenyewe zaidi ya mara moja, kwa alama za hisabati, bila kuogopa.

Mzee aliingiza mkono wote, hadi begani, akawa anapapasa kuta za ndani kwa utulivu wa mtu anayesoma. Alikaa hivyo muda. Kisha akautoa.

“Mkwe,” alisema, “hebu na wewe.”

Niliingiza mkono. Mwisho kabisa, mahali ambapo ncha ya kipimajoto haikuwa imefika, palikuwa na uvuguvugu. Bila shaka mkono wa mzee ulikuwa umetangulia hapo. Nilitoa mkono wangu, na katika daftari la vipimo sikuandika kitu. Shangazi hakuomba kujaribu. Alikuwa ameketi juu ya mabua, kitenge mapajani, akikichana kwa meno pale alipokuwa ameshika kwa vidole viwili.

Shati lilizikwa Jumamosi, nyuma ya nyumba, pamoja na kile kipande cha kitenge. Matanga yalikaa siku tatu, ndugu wakaja hadi kutoka Mtinko. Jiwe alilichagua mzee mwenyewe, akalizunguka mara mbili akilitazama kwa karibu kabla ya kuruhusu lisimikwe. Mzinga uliachwa mtini ukiwa wazi nyuma. Sura yangu ilichapishwa na neno sahihi. Mvua za kwanza ziliponyesha mzee alinipigia simu, akaniambia kwamba haoni tena. Kwamba shangazi huenda kaburini kila asubuhi akishainjika chai. Kwamba huweka kiganja juu ya jiwe, na jiwe ni baridi.